Matope ya Kijivu

Jumatatu, 6 Oktoba

Dayari hii ni ya kampuni, na ni ya mwaka jana. Ndiyo sababu inasema leo ni Jumapili, na mimi nimelikata hilo neno kwa kalamu. Shemeji yangu Musembi aligawa maboksi mawili ya dayari zilizobaki pale kanisani jana, akitabasamu kama ni yeye aliyezichapa. Kwenye jalada kuna maporomoko ya maji, maji meupe pe, na chini yake: TUNALINDA KILA TONE. Hayo maporomoko si ya Makueni. Hata Kenya hayako, ukiniuliza mimi.

Lakini karatasi ni nzuri, na karatasi nzuri siwezi kuitupa. Nitaandika mvua hizi mpaka ziishe.

Mimi ni Wayua. Mume wangu alifariki, nikabaki na mama yake, Ndila, ambaye mimi humwita Mwaitu kama wanawe wanavyomwita. Boma letu liko kando ya mto Kavingo, mwendo wa nusu saa kutoka soko la Kasikeu. Nalima sukuma, nyanya na miche ya machungwa. Vyote hivyo vinakunywa kwa ukuta.

Alhamisi, 9 Oktoba

Niueleze ukuta, maana leo umetuletea maneno.

Kavingo hauna maji ya kuonekana. Ni mchanga mtupu miezi mingi. Mvua ikinyesha huko milimani mto unashuka kwa hasira siku moja, mbili, halafu unakauka. Kwa hivyo sisi wanawake tulijenga ukuta wa mawe kukatisha mto, kwa mwethya, yaani kila boma linatoa mtu, hakuna wa kulipwa, mnapika uji mnabeba mawe. Mto ukishuka, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani ya ule mchanga. Januari jua likichoma, unachimba kisima mchangani na unachota maji safi. Mwaitu ndiye aliyeweka jiwe la kwanza, akiwa bado na mgongo wa kubeba.

Sheria ni moja. Kila msimu unauinua ukuta kimo cha goti tu, basi. Mchanga ni mzito, unatua. Matope ni mepesi, yanaruka juu ya ukuta na kwenda zake. Ukiuinua mrefu kwa mara moja, maji yanasimama nyuma yake, na matope yanatua pia.

Leo Musembi amekuja na lori la simiti kutoka kwa kampuni, wale wa kusaga mawe huko juu. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu, na tangu Machi ndiye pia mtu wa kampuni wa kuongea na wananchi. Ati tuinue ukuta mpaka kifuani. Ati simiti ikikaa itaganda.

“Goti,” Mwaitu akasema kutoka kwenye kiti chake.

“Mwaitu, injinia amepiga hesabu.”

“Huyo injinia amewahi kuchota maji hapa?”

Watu walicheka. Na mimi nilicheka. Kulikuwa na soda na mkate, na simiti ya bure haijawahi kufika mto huu tangu nizaliwe. Nikabeba karai na wengine.

Jumanne, 14 Oktoba

Bado tunajenga. Mgongo umekufa.

Kathini alipita kututazama. Tunaimba naye kwaya, yeye sauti ya kwanza mimi ya pili, na kikundi chao kina ukuta wao mdogo huko chini, mto unapopinda. Aliangalia ukuta wetu akapiga mluzi. “Sasa mnajenga ghorofa?” Nikamwambia wivu utamuua.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Jua la kukaanga mayai. Hakuna wingu.

Jumatatu, 27 Oktoba

Kampuni imepigilia kibao ukutani. Jina lao kubwa, sisi hatumo. Mawe tuliyobeba kwa migongo miaka yote hiyo, na anayesoma atadhani yalitembea yenyewe. Musembi alikipangusa kile kibao kwa leso yake. Kwa leso!

Jumatatu, 3 Novemba

Mvua imeshuka. Sijui nianzie wapi.

Asubuhi tulisikia mto ukinguruma, tukakimbia na mashuka kichwani, watoto wakipiga kelele. Kila mwaka hii ni siku ya furaha. Maji ya Kavingo huwa mekundu, kwa sababu udongo wetu ni mwekundu, na yakipungua unaona mchanga mpya, wa kukwaruza mguu.

Leo yalikuwa ya kijivu, kama mtu amekoroga jivu la jiko kwenye sufuria kubwa. Yalifika ukutani yakasimama. Hayakuruka. Ukuta wetu mrefu uliyakumbatia yote, na sisi tukabaki tunayatazama yakizunguka polepole, na juu yake utando wa mafuta wenye rangi rangi, na harufu ya dizeli na simiti mbichi.

Mchana maji yakaanza kupungua. Nilivua viatu nikaingia nione mchanga. Ngai! Mguu ulizama mpaka kwenye paja. Kitu baridi, laini, cha kuteleza katikati ya vidole, kama kukanyaga ndani ya tumbo la mbuzi. Walinivuta wawili. Nimeoga mara tatu, na bado kucha zina kijivu.

Hakuna haja ya mtu kwenda shule kujua yametoka wapi. Nyekundu ni yetu. Kijivu ni mawe yaliyosagwa.

Jumatano, 5 Novemba

Vyura wamekufa. Wamelala matumbo juu kwenye ukingo, na nzi wameshajua. Mbuzi walinusa wakarudi nyuma. Mbuzi, wanaokula hata karatasi.

Jumamosi, 8 Novemba

Nimepanda hadi kwa kampuni. Sikumwambia Musembi.

Askari wa lango alinizungusha mpaka akatoka msichana mmoja, Eunice, afisa wao wa mazingira. Ni mtoto wa Kitui, wa Kanyangi, anaongea Kikamba kitamu, na aliponiita aunty nilimpenda. Alinivisha kofia ngumu akanipeleka kuona, bila kuficha. Mawe yanasagwa, kokoto inaoshwa kwa maji, maji machafu yanaingia bwawani, vumbi linatua chini, maji safi yanarudi kuosha tena. Hakuna tone linalotoka, akasema. Bwawa lina waya pande zote na bango lenye yale maporomoko ya kwenye dayari yangu.

Mimi nikaangalia bwawa lenyewe. Kwenye kuta zake kulikuwa na mstari wa unyevu juu kabisa, karibu na ukingo, na bwawa lilikuwa nusu. Kwa upande wa mto kulikuwa na bomba kubwa lenye mfuniko wa chuma na gurudumu la kufungulia. Chini ya mdomo wa hilo bomba, kwenye mawe, matope ya kijivu, bado hayajakauka.

“Eunice, hili bwawa lilijaa lini?”

“Lina mzunguko wake, aunty.”

“Na hili bomba?”

“Ni la dharura.”

“Kule kwetu kuna matope ya rangi hii hii. Yamejaa mpaka kifuani.”

Hakunitazama usoni. Alitazama viatu vyangu. “Ni mvua ndiyo imeleta, aunty. Msimu huu kila mahali ni matope.”

Aliniahidi kuja kuchukua sampuli. Halafu akanipa maji ya chupa, ya baridi, na kwa sababu nilikuwa nimetembea juani, niliyanywa yote. Nimefika nyumbani ndipo nikaona chupa bado iko mkononi, na picha ya maporomoko juu yake.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua tena. Kijivu tena.

Sasa nimeelewa akili yao. Wanangoja mto ushuke, ndipo wanafungua bomba, ili uchafu uonekane ni wa mvua. Mtu mchafu huoga kwa maji ya wenzake.

Alhamisi, 13 Novemba

Gathua amekuja na lori lake la maji kutafuta wateja.

Huyu Gathua ana duka la vifaa pale Kasikeu. Baba yake alikuja kutoka Murang’a, yeye amezaliwa hapa, anaongea Kikamba kumshinda Musembi, na bado tunamwita mgeni. Mimi sijawahi kumpenda. Nilimwambia mbele ya watu kwamba fisi amesikia harufu ya mzoga.

Hakukasirika. Aliegemea lori akautazama mto. “Mama Wayua, unadhani nafurahi? Nikiwauzia maji mwaka mzima, mtanichukia mpaka siku ya kunizika. Hakuna hata mmoja wenu atabeba jeneza langu.”

“Hilo ni kweli,” nikamwambia.

Akacheka, mjinga yule. Alimjazia Mwaitu mitungi miwili akakataa pesa. Nikabaki na hasira yangu mkononi, sijui niiweke wapi.

Jumapili, 16 Novemba

Kanisani tumeombea kampuni. Tangi lao jipya liko pale nje, limepakwa buluu. Musembi alitoa ushuhuda kwamba Mungu amewakumbuka watu wa Kavingo kupitia wawekezaji. Watu wakasema amina. Mwanamke aliyekaa mbele yangu, ambaye mbuzi wake wanatapika tangu juzi, naye akasema amina, na kwa sauti.

Baada ya ibada Kathini alinishika mkono. “Poleni. Lakini tumshukuru Mungu, ukuta wenu umeyazuia. Huku chini kwetu mchanga bado ni safi, kisima changu kinatoa.”

Alikuwa anasema kwa roho safi. Mimi nilisikia kama amenitemea mate. Kwa hivyo sisi ndio chujio lenu? Kwenye mazoezi ya kwaya niliimba kwa sauti ya chini makusudi.

Jumatano, 19 Novemba

Leo nilichimba. Nilitafuta sehemu ya pembeni, nikaenda chini mpaka mkono ukaisha, nikifukua kwa kibuyu. Yakatoka maji. Si maji, ni maziwa ya kijivu, yanashika mkono kama rojo.

Nilikuwa nimeyaweka kwenye kikombe uani, yatue, wakati Musembi alipofika na viatu vyake vya ngozi. Akaanza kusema injinia ameeleza, kwamba chini ya matope mchanga uko sawa, maji ni yale yale, tatizo letu ni kusikiliza wachochezi. Alinitazama mimi alipofika hapo.

“Wayua, wewe ni mke wa ndugu yangu. Usiniaibishe kwa watu.”

“Aibu gani tena imebaki, shemeji?”

Mwaitu aliinama akachukua kile kikombe, akajaza mdomo, akasukutua kama anayepiga mswaki, halafu akayatema yote juu ya viatu vya mwanawe. Pwaa.

“Maji ni yale yale,” akamwambia. “Pangusa na leso.”

Yeye alitoka bila kuaga. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaona Mwaitu amefunga macho na ulimi uko nje, anajaribu kuukwangua kwa kanga. Nikaacha kucheka nikamletea maji ya Gathua.

Jumatatu, 24 Novemba

Jua. Matope yamepasuka juu kama kisigino. Chini bado ni uji. Miche ya machungwa imeanza kuinama.

Ijumaa, 28 Novemba

Eunice alikuja na chupa zake kuchota sampuli. Aliandika, akabandika karatasi, akavaa glavu. Nilimwuliza majibu yatatoka lini. Akasema baada ya sherehe.

“Sherehe gani?”

Ndipo nikajua. Ijumaa ijayo wageni wanatoka Nairobi kuipa kampuni cheti. Cheti cha nini? Cha usimamizi bora wa maji. Na hema litapigwa wapi? Kwenye ukuta wetu, mbele ya kile kibao.

Jioni Musembi akatuma ujumbe kwa kikundi: Jumatano mwethya, kila boma litoe mtu, tusafishe ukuta na kuupaka chokaa. Amewaita watu kwa mwethya, ati! Wapigie kampuni chokaa kwa migongo yao, bila malipo, kwa heshima ya mila.

Niliusoma ujumbe kwa Mwaitu. Alitafuna tumbaku yake kidogo.

“Ametuita na majembe?”

“Majembe, nyundo na mitaimbo, ya kung’oa magugu na mawe yaliyolegea.”

“Basi twende,” akasema.

Nilikuwa nafikiria kitu hicho hicho. Ile sehemu ya juu, ya simiti ya bure, ndiyo inayoshika matope. Ikiondoka, ukuta unarudi kuwa wetu, kimo cha zamani. Mvua ya Desemba bado haijapita. Mto ukishuka kwa nguvu utayabeba haya matope yote, kabla hayajawa jiwe. Tukingoja mpaka Machi, hapa patakuwa uwanja wa mpira, na sisi tutakuwa wateja wa Gathua milele.

Jumapili, 30 Novemba

Baada ya ibada nimeongea na wanawake, mmoja mmoja, tukijifanya tunapanga chakula cha Jumatano. Wamekubali. Wawili walilia. Mmoja aliuliza kama tutafungwa, nikasema sijui.

Mwaitu peke yake ndiye aliyeuliza, “Na wa chini?”

“Mto utayatawanya,” nikasema.

Alinitazama sana. Nikasema basi nitampigia Kathini simu. Lakini mumewe anakula meza moja na Musembi, na neno likifika kwa Musembi tumekwisha. Nitampigia baadaye.

Jumatano, 3 Desemba

Mikono ina malengelenge, herufi zitakuwa mbaya.

Tulifika asubuhi tukiwa kikundi kizima. Musembi alikuwa na ndoo za chokaa na brashi, amevaa aproni ya kampuni. Akatuomba tuanze kwa maombi, tukaomba. Wimbo ulipoanza, ule wa kubebea mawe, tulishuka mtoni tukipanga mstari kama siku zote. Alikuwa anatupiga picha kwa simu.

Mwaitu tulimbeba na kiti chake cha plastiki tukamweka ukingoni. Nyundo yake ni ndogo, ya kupondea mahindi ya muthokoi. Alitaka kupiga ya kwanza. Tukamsogeza mpaka ukutani, akapiga pale kwenye kibao, ting, kibao hakikufanya chochote. Musembi alicheka, alidhani ni baraka. “Haya, Mwaitu amefungua!” akasema.

Ndipo mimi nikapiga na mtaimbo.

Simiti yao ilikuwa mbaya, hata hilo niliseme. Imechanganywa kwa haraka na mchanga wenye udongo. Ilitoka vipande vipande. Wimbo haukukatika. Musembi alichukua muda kuelewa, brashi mkononi, chokaa ikimdondokea kwenye aproni, na alipoelewa alipiga kelele ambayo sijawahi kusikia kutoka kwa mwanamume mzima. Alinishika mkono. Nikamwambia, “Shemeji, niachilie, mkono huu ulibeba haya mawe kabla wewe hujajua mto uko wapi.” Akaniachilia. Akaanza kupiga simu, na huku mtoni mtandao haushiki.

Katikati ya kazi tukaona lori la Gathua limesimama ukingoni. Nikasema kwisha, huyu ataenda kutuuza. Alishuka, akafungua nyuma, akatoa mitaimbo mipya kutoka dukani kwake na nyundo mbili kubwa, akavua shati. Alikuwa na mwili mweupe wa mtu wa kukaa dukani, na alifanya kazi vibaya, akijigonga vidole. Sikumsaidia, lakini nilimpa uji wakati wa uji.

Saa saba tulikuwa tumefika kwenye mawe yetu. Nilijua ni yetu kwa mkono. Hapo tukaacha. Matope yalikuwa yameanza kumwagika polepole kupitia lile pengo, mazito, yanapiga mapovu, yananuka kama choo cha sokoni.

Kibao tulikirudisha kwa Musembi. Kilikuwa bado kizima.

Ijumaa, 5 Desemba

Hatujafungwa. Kampuni haikutaka polisi siku ya wageni, ingebidi waeleze. Walihamisha sherehe uwanja wa shule, wakapiga hema huko, na cheti wakapewa. Walipigiwa makofi. Musembi alisoma risala. Watu walipewa pilau, na nusu ya wale waliobomoa ukuta Jumatano walikuwa kwenye foleni ya pilau Ijumaa. Sikutaka hata kuwatazama midomo.

Eunice alikuja mtoni peke yake, na viatu vya sherehe. Alisimama pale pengoni.

“Niliwaambia tangu Julai waite tingatinga, bwawa lichotwe,” akasema. “Waliahirisha. Likajaa.”

“Uliwaambia akina nani?”

“Mabosi.”

“Na sisi?”

Nilikuwa nimempenda, ndiyo maana imeniuma. Musembi ni mchafu kwa nje, ukimwona unajua. Huyu alijua kila kitu na bado alinipa maji ya baridi na kuniita aunty. Nikamwambia aende, viatu vyake vitaharibika.

Jumapili, 7 Desemba

Mto umeshuka! Tangu alfajiri. Kwanza kijivu, halafu kijivu kizito kama ugali unageuzwa, vipande vikubwa vinang’oka na kupita pengoni, na sisi ukingoni tunashangilia kama mpira. Wanawake walicheza. Mwaitu alipiga vigelegele mpaka akakohoa. Mchana maji yakabadilika, wekundu ukaanza kuingia, wekundu wetu. Nililia. Hakuna aliyeenda kanisani.

Bwawa lao lilikuwa halijajaa tena, nadhani. Au waliona aibu wiki moja.

Jumatatu, 8 Desemba

Mchanga. Wa kukwaruza mguu.

Jumanne, 9 Desemba

Nilikuwa uani napepeta maharagwe. Kathini aliingia bila hodi, na nyuma yake wanawake wengine watatu wa kule chini. Alikuwa na beseni kichwani. Akalishusha, akalimimina mbele ya mlango wangu. Rojo ya kijivu ikatambaa mpaka kwenye ndara zangu. Ndani yake kulikuwa na chura.

“Hii ni yenu,” akasema. “Imefunika mchanga wote. Kisima changu sikioni kiko wapi.”

Nilifungua mdomo. Naapa nilitaka kusema pole. Nilitaka kusema nilikusudia kupiga simu. Kilichotoka ni hiki:

“Ni mvua ndiyo imeleta, Kathini.”

Nilijisikia nikisema. Hata ile sauti ilikuwa ya Eunice, laini, ya kutuliza mtoto. Na macho yangu yalikuwa wapi? Kwenye viatu vyake. Hakuwa na viatu. Miguu yake ilikuwa ya kijivu mpaka magotini.

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alichukua beseni lake wakaenda.

Mwaitu alikuwa kwenye kiti chake, ameona yote. “Wewe sasa kapake chokaa,” akaniambia, akageuza uso.

Alhamisi, 11 Desemba

Sijala vizuri. Nimesugua mlangoni na bado alama iko.

Jumamosi, 13 Desemba

Leo kisima changu kimetoa maji. Nilichimba kidogo tu, mpaka kwenye kiwiko, na maji yakaja yenyewe, safi, ya baridi. Mwaitu alikunywa kikombe kizima, akacheua, akasema hayo ndiyo maji. Mimi nilishika changu nikashindwa kukinywa.

Nikajaza mtungi, nikaubeba mgongoni kwa kamba ya kichwani, nikafuata mto kwenda chini. Njia nzima nikitunga maneno. Kwao palikuwa pamenyamaza. Ukuta wao mdogo uko pale, na nyuma yake, badala ya mchanga, sakafu ya kijivu mpaka kwenye kona, imeanza kupasuka. Kathini alikuwa katikati na jembe lililovunjika mpini, anakwangua. Alikuwa amefungua sehemu ya kutosha kulala mtu mmoja. Chini yake niliona mchanga.

Nilitua mtungi. “Tulifungua sisi,” nikasema. “Nilijua yatakuja kwako. Sikukupigia simu.”

Aliunyanyua mtungi, akayatazama yale maji yalivyo safi, halafu akaanza kunawa miguu nayo. Polepole, mguu mmoja, halafu mwingine, katikati ya vidole, mpaka mtungi ukaisha. Maji yangu ya kwanza ya msimu. Yalishuka kijivu yakaingia mchangani kwake.

Akanirudishia mtungi.

“Jumatatu mwethya ni hapa,” akasema. “Kila boma lenu litoe mtu. Mje na majembe yenu, na uji wenu. Na mkimaliza hapa hakuna wa kwenda nyumbani. Tunapanda wote mpaka kwa lile bomba.”

Nikasema sawa. Nilirudi na mtungi mtupu mgongoni, nikiwapigia wanawake simu kila mahali mtandao uliposhika, na njia nzima nilikuwa nanuka yale matope.